Siku Nzuri Ndizo Zilizonirudisha Nyuma

Machi 2024 nilianguka na bodaboda nikielekea Kibirizi, mwalo wa samaki hapa Kigoma. Dereva alikuwa anamkwepa mbuzi. Sikuvaa kofia ngumu, na upande wa kulia wa kichwa ukagonga ukingo wa mtaro. Sikuzimia. Niliinuka, nikajikung'uta vumbi, nikauliza ndoo yangu iko wapi. Nikauliza tena. Ndoo nilikuwa nimeishika mkononi.

Hospitali waliniambia ni mtikisiko wa ubongo. Picha ya CT skani ilitoka safi, nikashangilia nikidhani yamekwisha. Daktari akanielewesha kwamba picha ile inatafuta damu na mfupa uliopasuka. Mtikisiko unavuruga jinsi ubongo unavyofanya kazi, na hilo halipigwi picha. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi, wengine huchukua miezi. Mimi nikaangukia kwenye miezi.

Nauza dagaa. Anayeijua kazi hii anajua chanja za kuanikia zikishajaa dagaa wabichi, jua la saa nne likiwapiga, pale mbele panakuwa kama mtu amemwaga vioo. Miaka yote sikuwahi kuuona ule mwanga kuwa ni kitu. Baada ya kuanguka, nikiutazama dakika tano tu, nyuma ya macho panaanza kudunda, kisha tumbo linapanda. Na hesabu ilinikimbia. Siku moja nilihesabu ndoo za mteja mara nne nikapata majibu matatu. Mteja alikaa kimya akinisubiri, nami machozi yakanitoka mbele yake.

Nyumbani walisema malaria. Siwalaumu, huku kwetu kichwa kikiuma jibu la kwanza ni hilo, na wakati mwingine ni kweli. Ila pima kwanza. Mimi nilimeza dozi nzima ya dawa mseto bila kupima, kisha nilipopima baadaye hapakuwa na kitu, na kichwa kilikuwa kilekile.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Wiki ya tatu niliamka mwepesi. Kichwa hakiumi, mwanga hauchomi. Ilikuwa giza, yaani zile siku ambazo mwezi haupo na dagaa wanatoka kwa wingi, nikajiambia Mungu ni mwema, leo nafidia. Nilisimama juani tangu asubuhi hadi saa tisa. Usiku ule nilitapika, na siku tatu nzima sikuweza kuvumilia hata sauti ya redio ya jirani. Nikarudia kosa hilohilo mara mbili zaidi. Kila nilipopata siku nzuri niliitumia yote, na kila mara niliilipa kwa siku tatu mbaya.

Ndugu yangu unayepitia haya, siku nzuri usiimalize. Daktari alinipa utaratibu ambao ningeushika tangu mwanzo ningepona mapema. Siku moja au mbili za kwanza ni za kupumzika. Baada ya hapo usijifungie gizani wiki nzima, maana hilo nalo linachelewesha. Tembea taratibu, fanya kazi ndogo. Dalili zikipanda kidogo, punguza mwendo. Zikipanda sana, acha, kesho uanzie chini ya pale ulipofika. Mimi nilianza na nusu saa kwenye chanja, kisha kivulini nusu saa, nimevaa kofia pana. Hesabu nikawa naandika kwa mkaa kwenye ubao, mstari mmoja kwa kila ndoo.

Kuhusu dawa: nilikuwa nameza parasetamo karibu kila siku. Daktari akaniambia dawa za maumivu zikimezwa siku nyingi mfululizo, zenyewe hugeuka kuwa chanzo cha kichwa kuuma. Kuzipunguza kulikuwa kugumu kwa siku chache, kisha pakatulia. Pombe achana nayo. Bodaboda pia nilizikwepa kadiri nilivyoweza, kwa sababu kichwa kikigongwa tena kabla hakijapona ni hatari kubwa.

Na zipo dalili zisizovumiliwa hata kidogo: kichwa kinachozidi kuuma saa hadi saa, kutapika mara kwa mara, degedege, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kulegea, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, majimaji kutoka puani au masikioni, au mtu amelala na haamshiki. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kilichoniuma kuliko kichwa ni hasira. Binti yangu aliangusha mfuniko wa sufuria, nikamfokea hadi akatetemeka. Jioni nilimwita nikamweleza kwamba kichwa cha mama kimeumia mahali pasipoonekana, si yeye aliyekosea. Tangu siku hiyo akawa anaweka mifuniko chini kwa mikono miwili, polepole, huku ananitazama. Waambie watu wa nyumbani mapema. Huna bandeji, hawawezi kubahatisha.

Mei 15 mwaka ule serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Biashara ilikauka na tulibanwa sana, lakini nakiri kwamba kwangu ilikuwa tiba. Hapakuwa na giza la kukimbilia. Nililala mapema, nikatembea asubuhi kabla jua halijawa kali, nikaongeza kidogo kila wiki. Shangazi alikuwa akiniambia, "Mwanangu, ziwa lenyewe limepumzishwa, sembuse wewe."

Lilipofunguliwa Agosti nilirudi na ubao wangu. Asubuhi ya kwanza dagaa walikuwa wengi na kichwa kilikuwa chepesi kabisa. Ilipofika saa nne nilimkabidhi mdogo wangu mkaa, nikaondoka nikipita kivulini, nyuma yangu chanja mbili bado hazijatandazwa.