Jibu: Nasoma Biblia alfajiri, saa nne nimeshasahau

Bwana asifiwe, dada. Umesema unasoma sura tatu alfajiri, ukifika kazini hukumbuki hata mstari. Punguza! Zaburi ya 119 ina mistari 176, mafungu 22 ya mistari minane minane. Fungu moja kwa siku linakutosha kabisa. Halafu usisome kwa macho tu. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kutafakari" katika Yoshua 1:8, hagah, lina maana pia ya kunong'ona, kutamka chini chini. Mimi hunong'ona mstari mmoja kwenye daladala kutoka Nkuhungu (konda ameshanizoea). Mama yangu huurudia wa kwake kwa Chigogo akisonga ugali wa uwele, na nyumbani hakuna anayemfikia kwa kukumbuka.