Maswali ya Wasomaji: Filamu ile ilipigwa Ziwa Tanganyika?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Katuba, Lubumbashi. Jumapili iliyopita tulitazama nyumbani filamu ya zamani iitwayo The African Queen, ambamo mlevi mmoja mwenye mashua ya mvuke anashuka mto pamoja na dada wa mmisionari ili wakaizamishe meli ya Wajerumani ziwani. Baba mdogo, mzaliwa wa Kalemie, anashikilia kwamba picha hizo zilipigwa kwao, Ziwa Tanganyika, na kwamba kisa chenyewe kilitokea kweli. Mimi nilimbishia. Nani kati yetu asemaye kweli?

JIBU: Mfikishie baba mdogo heshima zetu, kisha umwambie kwamba kuhusu picha amekosea, ila kuhusu kisa hakuwa mbali na ukweli.

Mwongozaji John Huston alikuja Kongo mwaka 1951, lakini hakufika Tanganyika. Alipiga kambi kwenye mto Ruiki, katika eneo la Ubundu, mji ambao wakati ule uliitwa Ponthierville, kusini ya Kisangani. Kamera za rangi za siku zile zilikuwa mitambo mizito isiyoweza kuenea ndani ya mashua ndogo pamoja na waigizaji, kwa hiyo mafundi walijenga mfano wa mashua juu ya chelezo, wakaiweka kamera hapo, na mashua yenyewe ikavuta msafara mzima wa vyelezo mtoni. Baadaye walihamia Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Tena, Humphrey Bogart anapoonekana akiikokota mashua kwa kamba huku maji yamemfika kiunoni, hayuko Afrika hata kidogo: sehemu zote ambamo waigizaji wanaingia majini zilipigwa ndani ya tangi la studio huko Uingereza, kwa kuogopa kichocho.

Kuhusu kisa, naomba nafasi kidogo zaidi, maana kinapita mlangoni petu. Riwaya ambayo filamu ilitokana nayo iliandikwa na C. S. Forester na kutolewa mwaka 1935, na nyuma yake kuna vita halisi vya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani ndio waliotawala ziwa hilo kwa meli zao, na Waingereza waliamua kupeleka mashua mbili za mota, zilizoitwa Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Zilishushwa Cape Town, zikapakiwa kwenye gari la moshi, na mwezi wa Julai mwaka huo zikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu. Reli iliziacha Fungurume. Kutoka hapo zilikokotwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, katika njia iliyokuwa ikikatwa msituni papo hapo, yenye madaraja zaidi ya 100 yaliyojengwa kwa magogo. Ilikuwa kiangazi, na matrekta hayo yalikunywa maji kuliko ng'ombe. Wanawake wa vijiji vya jirani ndio walioyateka maji na kuyabeba kichwani, mwendo mrefu, ili moto wa Wazungu usizimike. Ninapoitazama filamu ile, wanawake hao ndio ninaowatafuta, na hawamo. Kwangu mimi hilo ni pengo kubwa kuliko kosa lolote la ramani.

Kutoka Bukama mashua ziliteremka Lualaba hadi Kabalo, kisha reli ikazifikisha ziwani, jirani na Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi, pamoja na Kingani hiyohiyo iliyokwisha kuitwa Fifi na Waingereza, zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, haikuzamishwa na adui kama ilivyo katika filamu: Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai 1916, baada ya kuzipaka injini zake grisi. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo baba mdogo bila shaka analijua tangu utoto. Na mto Ruiki, alikofanyia kazi Huston, unamwaga maji yake katika Lualaba ileile iliyozibeba Mimi na Toutou.

SWALI: Mimi ni mtu wa Likasi. Nimeona filamu ya mwaka 2016 kuhusu vita vya Jadotville, lakini sikuutambua mji wetu hata mahali pamoja. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu mji unaouona umejengwa Afrika Kusini. Mambo yenyewe ni ya kwenu: mwezi wa Septemba 1961, askari wa Ireland zaidi ya 150 waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na jeshi la Katanga, wakapigana siku tano mpaka maji na risasi vikawaishia, wakajisalimisha bila hata mmoja wao kuuawa. Kikosi kilichotumwa kutoka Elisabethville kuwaokoa kilizuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Ukitaka mahali halisi, anzia hapo: ni mto uleule unaouvuka kila unapokuja Lubumbashi kwa barabara.