Gumegume sio maandazi, acheni kulikaanga kwa mafuta

Juzi kuna ndugu kaniandikia, yuko Ohio, anasema kaka nimeona picha yako na kulungu, hongera sana, na mimi nimenunua bunduki ya kushindilia ya mtumba, nimeifungua nikaipulizia mafuta kopo zima ndani ya mtutu ili isishike kutu, je nimefanya sawa? Nikacheka peke yangu jikoni mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Halafu cheko likakata, maana yule ndugu ni mimi wa miaka miwili iliyopita. Sasa kaa nikusimulie habari ya gumegume, ile bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu inayowashwa na cheche za jiwe, na ukiona narefusha vumilia, hii kitu iliniuma.

Mimi ni mtoto wa Tabora. Babu yangu alikuwa na gobole, la kibali, nasema mapema kabla watu hawajanijia juu, yale ya kufichwa porini bila kibali simo na sishauri mtu. Unyamwezini habari ya baruti ni ya zamani, bunduki ziliingia na misafara ya pembe za ndovu na mtemi wetu Mirambo mpaka anafariki 1884 alikuwa na vikosi vya rugaruga wenye bunduki, kwa hiyo mimi nilijiona nina damu ya kitu hiki. Hapo ndipo kiburi kilipoanzia. Nimehamia Pennsylvania, mji wa Lancaster, nikakuta huku ndiko mafundi wa Kijerumani walikuwa wanatengeneza bunduki ndefu za gumegume miaka ya 1700, na mpaka leo jimbo lina msimu wake wa kuwinda kulungu baada ya Krismasi, unaanza kama Desemba 26, na ni gumegume tu, darubini na bunduki za kisasa utaacha nyumbani. Nikasema hii imeandikwa kwa ajili yangu. Nikafanya kozi ya uwindaji, nikakata leseni, nikanunua gumegume kaliba 50.

Mwaka wa kwanza niliharibu kwa uvivu. Nilitoka kulenga shabaha jioni, nimepiga kama risasi kumi na tano, nimechoka, kesho zamu ya usiku, nikaegesha bunduki kwenye kona nikasema nitaosha wikiendi. Wikiendi imefika napitisha kitambaa kinatoka na rangi ya udongo wa Tabora kabisa. Ukimulika tochi ndani unaona mashimo madogo madogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Yale hayafutiki, yapo mpaka leo.

Sababu yake ndugu yangu ni hii. Baruti nyeusi ni shura (aina ya chumvi) kama asilimia 75, makaa 15 na kiberiti, yaani salfa, 10, na ikishaungua zaidi ya nusu yake haiwi moshi, inabaki kama chumvichumvi na masizi. Ile chumvi inavuta unyevu wa hewani. Yaani wewe umelala na bunduki inakunywa maji. Na usijidanganye na hizi baruti mbadala kwamba ni safi, baadhi yake masalia yake yanakula chuma vibaya zaidi kuliko baruti yenyewe. Kuosha ni siku hiyohiyo, hata kama miguu inawaka moto.

Sasa nikaapa. Mwaka wa pili nikaosha kama kichaa, halafu nikaenda duka moja la bunduki (silitaji), muuzaji akaniuzia kopo la mafuta akaniambia we miminia tu, mafuta hayajawahi kumdhuru mtu. Nikamiminia. Kila nikikumbuka ule udongo mwekundu naongeza. Nikalisimamisha kabatini mdomo juu kama bendera, wiki tatu.

Tumeingia porini mimi na rafiki yangu mmoja Mkongo wa Bukavu, theluji imefika kwenye kifundo, saa moja asubuhi, na kulungu jike katoka kwenye misonobari kasimama ubavu, hatua kama arobaini. Kila kitu kama nilivyoota. Nikavuta nyundo, nikalenga, nikabonyeza. Fyuuu! Kisahani, kile kinachoshika baruti kidogo ya kuwashia pembeni ya mtutu, kikawaka, moshi usoni, halafu kimya. Kulungu akageuza masikio akaniangalia. Hakukimbia! Nikabaki nimeelekeza mtutu palepale kwenye kilima, maana hizi zinaweza kulipuka kwa kuchelewa, nikahesabu dakika nzima, nikazibua kwa sindano tundu la kupitisha moto kuingia mtutuni, nikatia baruti mpya kisahani, nikalenga tena. Fyuuu. Safari hii nadhani yule mnyama alichoka na sisi, akaondoka anatembea. Anatembea, sio mbio.

Nyumbani nikamwaga maji mtutuni kuua baruti kwanza, nikaingiza mdeki (ile fimbo ya kushindilia) wenye skrubu nikavuta goroli, ndiyo risasi yenyewe. Kilichofuata nyuma ya goroli sio baruti, ni uji. Uji wa ulezi mweusi unang'aa mafuta. Yale mafuta yote niliyomimina yaliteremka taratibu wiki tatu nzima yakajaa kule chini nyuma ya mtutu, kwenye kile chumba chembamba ambacho moto wa kisahani unapita, na mimi nikashindilia greni 70 (kipimo cha uzito wa baruti) za baruti safi juu ya dimbwi.

Rafiki yangu alirekodi video. Kwenye grupu la WhatsApp wakaniita Mzee Cheche. Mwaka mzima. Harusi ya watu nimekaa mezani mtu anapita anafanya fyuuu. Mtu hajawahi hata kushika manati anakucheka wewe.

Basi ndio nikakaa chini nikajifunza kwa adabu, na nikakumbuka babu. Babu hakuwa na kopo la mafuta. Alikuwa na maji ya uvuguvugu, kitambaa cha kanga iliyochakaa, na kijipande cha mafuta ya mkia wa kondoo kwenye jani, basi. Na mafuta yenyewe alipaka kwa kidole kama mtu anayempaka mtoto usoni, nakumbuka ile ncha ya kidole inang'aa kidogo tu. Mimi nikamuona mshamba. Kumbe maji ndiyo yanayosafisha, mafuta kazi yake ni kulinda tu, na mlinzi mmoja anatosha getini.

Nafanyaje siku hizi? Kwanza kabisa kabla ya yote nashusha mdeki mpaka chini naangalia alama niliyochora, nijue mtutu mtupu au umebeba. Kila mara, hata kama nimepiga mwenyewe dakika tano zilizopita. Na hakuna kuchungulia wala kupuliza mdomoni kwa mtutu, nimeona watu wazima wanafanya na hawaoni aibu.

Halafu nafungua mtambo wa kufyatulia, nauweka pembeni. Kwenye tundu nachomeka kijiti cha kuchokolea meno, namimina maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, naziba mdomo kwa dole gumba, nageuza juu chini mara kadhaa, nalaza kidogo, namwaga. Yanatoka meusi tii na yananuka mayai viza, kile ni kiberiti, usiogope. (Mke wangu anaogopa. Nimehamishiwa bafuni la chini, na mswaki wangu wa bunduki umeandikwa kwa makapeni kwa sababu ya tukio ambalo sitasimulia hapa.) Narudia mpaka maji yatoke meupe, ndio nafuata na vitambaa, kimoja baada ya kingine, navipanga sakafuni vimetoka vyeusi, kijivu, kijivu, vyeupe. Kuna wanaoapa kwa maji yanayochemka, wanasema chuma kinapata joto kinajikausha chenyewe, mimi yakichemka sana nilipata utando wa kutu ya papo hapo kabla sijageuka kuchukua kitambaa, kwa hiyo vuguvugu inanitosha. Vikavu viwili vitatu, kimoja cha spiriti kukimbiza maji yaliyojificha, ndipo kitambaa kimoja chenye mafuta. Kimoja! Kiwe kimelowa kidogo, ukikikamua kisitoe tone.

Mtambo unasuguliwa kwa mswaki na maji yaleyale, unakaushwa vizuri, tone moja pale meno yanaposagana ndani na tone pale springi inapogusa. Lakini jiwe, na kile chuma kinachopigwa na jiwe, na kisahani, hapo mafuta hayagusi kabisa. Jiwe likikwaruza chuma chenye mafuta hakuna cheche, unapata mkwaruzo tu. Mimi navifuta kwa spiriti.

Na mafuta ya kulowesha kile kitambaa cha goroli ni habari nyingine. Goroli langu ni la inchi 0.490, linavishwa kitambaa ndio linabana mtutuni, na kile kitambaa lazima kiwe na ulaini. Usipake mafuta ya injini wala mafuta yoyote ya petroli pale, yakikutana na moto wa baruti yanafanya utando mgumu kama lami, goroli la tatu tu unashindilia unatoa jasho. Nta ya nyuki na shahamu ya kondoo, yeyusha pamoja, au nta na mafuta ya zeituni kama huna kondoo karibu. Ya babu yaleyale. Nikiwa kwenye shabaha, kati ya risasi na risasi nalamba kitambaa napitisha, mate yanafanya kazi, ladha yake ni mbaya lakini utazoea.

Ikishamalizika inalala mdomo chini, juu ya tambara, ili kama kuna mafuta ya ziada yatoke kwa kwenda mdomoni mwa mtutu na sio kwenye chumba cha baruti. Hii peke yake ingeniokoa na jina la Mzee Cheche. Na asubuhi ya kuwinda kabla sijatia hata chembe ya baruti napitisha vitambaa vikavu na cha spiriti, nazibua tundu kwa sindano, naangalia mwanga unapita.

Wewe wa Ohio bunduki yako nadhani ni ile ya kisasa yenye plagi nyuma, yaani kizibo cha kufungua. Kwako rahisi zaidi, fungua plagi, maji yanapita moja kwa moja, ila zile nyuzi za plagi zipake grisi ya kuzuia kunata na uifungue kila ukirudi, ukiiacha msimu mzima itakushika mpaka utafute fundi mwenye bomba la mita moja.

Ninawaona vijana wetu huku wanalipia bunduki, jaketi, buti, gari la kubebea, kila kitu kipya, halafu nusu saa ya kuosha inamshinda mtu. Tunapenda kununua jamani, kutunza tunaona ni kazi ya mtu mwingine. Nasema hivi na mimi nikiwemo, ule mtutu wenye ndui ni ushahidi wangu.

Januari hii tulikuwa palepale kwenye misonobari. Nilibonyeza, na kisahani na mtutu vikalia kwa pamoja, sauti moja, hata sikusikia tofauti. Moshi ulipopungua kulungu alikuwa chini. Nikamuuliza rafiki yangu umerekodi? Anasema simu ilizima kwa baridi. Yaani hilo la fyuuu lilirekodiwa vizuri kabisa!

Ndugu yangu, kwa lile kopo lote ulilopuliza, geuza bunduki usiku huu mdomo chini juu ya gazeti, uone asubuhi kitakachokuwa kwenye gazeti. Halafu uoshe upya kwa maji, ukaushe, kitambaa kimoja cha mafuta, na kesho yake upitishe kingine cheupe. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, rudia.