P2454 au P2455: pima nyaya tatu kabla ya kununua sensa ya DPF

Taa ya DPF, yaani filta inayonasa masizi ya moshi kwenye ekzosi, ikiwaka kwenye gari la dizeli, Mazda CX-5 au Hilux za injini mpya kwa mfano, ushauri unaotolewa haraka gereji ni wa aina mbili: badilisha sensa, au toboa filta yamalizike. Kama mashine ya kupima gari imesoma kodi ya hitilafu P2454 au P2455, usikubali lolote kati ya hayo kabla hujapima. Kodi hizi mbili hazisemi lolote kuhusu masizi. Zinasema kuhusu volti. P2454 ina maana kwamba ishara ya sensa ya presha imeshuka chini ya kiwango ambacho sensa isiyo mbovu inaweza kutoa. P2455 ina maana kwamba imepanda kupita kiwango hicho. Hata ukiitoboa filta ikabaki bomba tupu, kodi haiondoki, maana waya uliokatika bado umekatika.

Sensa yenyewe ni kiboksi cha plastiki chenye mipira miwili, mmoja unaoleta presha ya kabla ya filta na mwingine ya baada yake. (Baadhi ya magari yana mpira mmoja tu.) Kwa kawaida plagi yake ina nyaya tatu: wa volti 5 kutoka kontrolboksi (kompyuta ya injini), wa ethi, na wa ishara. Tafuta mchoro wa nyaya wa gari hilohilo ujue upi ni upi. Rangi za waya hubadilika kutoka modeli moja hadi nyingine, na kukisia hapa kunaweza kuunguza kontrolboksi.

Anza bila kuchomoa kitu. Washa swichi, usipige stata, kisha fungua data za sensa kwenye mashine. Injini ikiwa imezimwa hakuna moshi unaopita, kwa hiyo presha inapaswa kusoma 0 kPa au karibu sana na hapo. Sasa pima kwa mita upande wa nyuma wa plagi, ikiwa bado imechomekwa. Waya wa volti 5 uwe na volti 4.9 hadi 5.1. Kwa ethi, weka ncha moja ya mita kwenye waya huo na nyingine kwenye negativu ya betri: ikizidi volti 0.05, ethi ina kutu au imelegea mahali. Waya wa ishara, kwa sensa nyingi, huwa kati ya volti 0.5 na 1 presha ikiwa sifuri.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa. Linganisha volti unayoiona kwenye plagi na volti ambayo mashine inasema kontrolboksi inaiona. Sensa ikitoa 0.7 na kontrolboksi ikaona 0.1, sensa ni nzima na ishara inapotelea njiani. Kununua sensa mpya hapo ni kutupa pesa.

Kama ishara ni mbaya palepale kwenye sensa, huku volti 5 na ethi viko sawa, zima swichi, chomoa plagi, kisha washa tena. Kwa P2454, unganisha tundu la volti 5 na tundu la ishara kwa kipande cha waya chenye fyuzi ndogo. Data kwenye mashine inapaswa kuruka hadi juu kabisa. Kwa P2455, unganisha ishara na ethi. Data inapaswa kuanguka hadi chini kabisa. Ikitii, waya na kontrolboksi ni vizima, mbovu ni sensa. Isipotii, tatizo ni waya wa ishara au, mara chache sana, kontrolboksi. Angalia mara mbili usije ukaunganisha volti 5 na ethi. Wala usitumie taa ya majaribio yenye balbu kwenye nyaya hizi, kwa sababu inavuta umeme mwingi kuliko uliokusudiwa kupita hapo.

P2455 ina mtego wake. Ethi ikikatika, ishara hupanda na kodi inaonekana kama ya sensa iliyoungua. Ndiyo maana ethi inapimwa kwanza, tena plagi ikiwa imechomekwa.

Ukikuta volti 5 haipo kabisa, angalia kama kuna P0641 au P0651, kodi za hitilafu ya laini ya volti 5 inayolisha sensa. Katika magari mengi laini hiyo hulisha sensa zaidi ya moja, na moja ikipiga shoti ndani yake huziangusha zote. Chomoa sensa zinazotumia laini hiyo moja baada ya nyingine, mita ikiwa imekaa kwenye plagi ya DPF. Volti ikirudi ghafla, uliyoichomoa mwisho ndiyo mkosaji. Zikiisha zote bila volti kurudi, zima swichi, ondoa waya wa betri, chomoa kontrolboksi, kisha pima waya wenyewe: kutoka mwisho hadi mwisho usizidi omu 1, na kati yake na bodi kusiwe na mguso wowote.

Waya hukatikia wapi? Kwanza, palipo karibu na ekzosi, hasa gari likiwa limeshushwa gia boksi na vibanio havikurudishwa. Pili, kwenye kona inayosuguana na chuma. Panya nao hutafuna. Tikisa waya sehemu kwa sehemu huku mwenzako akitazama data. Namba ikicheza, umefika. Usitoboe ganda la waya kwa sindano ili upime, maji yataingia na shaba itaoza kijani. Unapounga, tumia lehemu na ganda la kusinyaa lenye gundi, kisha upitishe waya mbali na joto. Selotepu peke yake karibu na ekzosi haikai.

P2453 ni habari nyingine: umeme uko sawa lakini namba haiaminiki. Hapo tazama mipira, kama imepasuka, imeziba kwa masizi au imebadilishwa upande. Ukitaka kuizibua kwa kompresa, ichomoe kwanza kwenye sensa, la sivyo upepo utapasua kiwambo cha ndani. Mpira mpya uwe wa kuhimili joto, usiwe na bonde la kukusanya maji.

Sensa ikibadilishwa, magari mengi yanahitaji kufundishwa sifuri mpya kwa mashine, injini ikiwa imezimwa. Hatua hii ikirukwa, kontrolboksi huendelea kuhesabu masizi kwa kipimo cha sensa ya zamani.

Usilazimishe filta ichome masizi yake, kwa kuiamuru kwa mashine, wakati kodi ya umeme bado ipo. Filta hupanda kupita nyuzi 600 wakati wa kuchoma, na bila sensa hakuna anayejua imebeba masizi kiasi gani. Iliyojaa kupita kiasi inaweza kuyeyuka ndani. Rekebisha umeme, futa kodi, hakikisha presha ni sifuri injini ikiwa imezimwa na inapanda taratibu ukikanyaga mafuta, ndipo usome kiwango cha masizi uamue kama gari linahitaji kuchomwa au safari ndefu ya barabara kuu inatosha.