Kwa mwanangu: kuhusu Kinjeketile wa jukwaani na Kinjikitile wa Ngarambe

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, nasi huku hatujambo. Umesema umepewa kazi ya kuongoza kikundi cha usomaji kwa wiki nne, kitabu kikiwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na umekwama kabla hujaanza. Historia inasema Kinjikitile Ngwale alinyongwa vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, ilhali kwenye tamthilia yuko hai mpaka watu wamekwisha kufa, kisha anahojiwa gerezani. Unauliza kama mwandishi alikosea, na kama kikundi kianze na historia au na mchezo.

Hakukosea. Hapo ulipokwama ndipo ilipo tanzia yenyewe, yaani mchezo wa huzuni unaoishia kwa maafa, kwa hiyo usipapite haraka.

Anzeni na mchezo, tena kwa sauti. Ni mfupi, watu wakigawana wahusika mnaumaliza kwa kikao kimoja kirefu au viwili. Anayetangulia na historia huuingia mchezo na kalamu nyekundu mkononi, akihesabu kipi hakikutokea. Akifika mwisho, tamthilia ameisahihisha lakini hajaisoma. Mwandishi mwenyewe ameshatamka kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu wala si picha ya yule mtu wa historia, na tamko hilo liheshimuni tangu siku ya kwanza. Njia rahisi ni tahajia: katika maandishi yenu mtu wa historia, yule wa kijiji cha Ngarambe, aitwe Kinjikitile, na mhusika aitwe Kinjeketile. Herufi mbili tu, lakini zitawaokoa na mabishano mengi.

Katika kusoma, angalieni mchezo unavyofunguka. Wa kwanza kusikika ni wanawake, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumza dhiki ya nyumbani. Wanafunzi wengi hulipita onyesho hili mbio ili wafike kwenye maji, ile dawa iliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, halafu wanaandika kwamba watu walipigana kwa sababu ya ushirikina. Dhiki ndiyo imetangulia. Wajerumani walitoza kodi ya nyumba tangu mwaka 1898, na kuanzia 1902 gavana von Götzen alianzisha mashamba ya pamoja ya pamba yaliyosimamiwa na maakida na majumbe, yaani watawala wadogo waliowatumikia. Katika wilaya ya Dar es Salaam mpango ulitaka kila mtu mzima siku 28 za kazi kwa mwaka. Pamba haikungoja mtu amalize shamba lake la chakula, na malipo yalikuwa madogo hivi kwamba wengi walikataa kuyapokea. Ukilijua hilo, maneno ya wale wanawake wawili yanabadilika uzito. Ndiyo sababu nasema historia ije ya pili: ije kujibu swali ambalo mchezo umeshalizua.

Kikao kinachofuata chukueni karatasi moja kubwa, mchore safu tatu. Ya kwanza iwe ya mwaka 1904 hadi 1907, ya pili iwe ya matukio ya mchezo, ya tatu iwe ya miaka ambayo mchezo uliandikwa. Safu hii ya tatu ndiyo husahaulika, nami nitairudia.

Kwenye safu ya kwanza wekeni machache tu. Mwaka 1904, Ngarambe, Kinjikitile anapandwa na pepo Hongo. Masimulizi ya wazee yanasema alitambaa kwa tumbo, mikono ameinyoosha mbele, akaingia kwenye kidimbwi. Ndugu walijaribu kumvuta wakashindwa. Akalala humo, na asubuhi ya pili akatoka mzima, nguo zikiwa kavu. Dawa yake ilikuwa maji, mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Habari zikaenea kwa kunong'onezana, na Wamatumbi waliuita mnong'ono huo njwiywila. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na kung'oa huko kulikuwa kutangaza vita. Hawakupewa amri na Kinjikitile, walichoka kungoja. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani mjini Mohoro. Tarehe 30 Agosti maelfu waliishambulia boma ya Mahenge na kufyekwa na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Baada ya hapo Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi: hesabu yao wenyewe ni watu 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Sasa linganisheni. Katika historia, nabii hakuyaona matokeo ya neno lake. Mohoro ilitangulia Mahenge kwa siku 26. Mwandishi alimwongezea mhusika wake siku hizo, na zaidi. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyekufa kabla ya maafa hana la kuchagua. Tanzia inamtaka mtu asimame mbele ya kile kilichotoka mikononi mwake na akitambue. Hapo ndipo penye kiini, na hapo natamani kikundi chako kikae kikao kizima.

Tazama utambuzi huo unatokea lini. Katika tanzia ya Kiyunani ya Mfalme Edipo, aliyoiandika Sophocles, mfalme anajua ukweli wakati kila kitu kimeshatendeka, anajitoboa macho. Kinjeketile anatambua katikati, kabla damu haijamwagika. Akiwa amepagawa alitoa ahadi ya umoja na ushindi, na ndani yake kulikuwa na kauli kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Anapokuja kuyafikiri maneno yake mwenyewe, anashtuka: kumwondoa bwana mmoja ili kumpokea mwingine! Tangu hapo hana uhakika tena aliyesema kwa kinywa chake ni nani. Lakini maji yameshagawiwa, na makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho baya yamekuwa kitu kimoja kwa nguvu ya maji hayohayo. Akisema ana shaka, umoja unavunjika. Akinyamaza, watu watazikimbilia risasi. Anachagua kuwachelewesha, awataka wangoje, na wao hawangoji.

Tamko lake maarufu, kwamba mwanadamu huzaa neno na neno likakua likamshinda aliyelizaa, lisomeni hapa mkikumbuka njwiywila. Mnong'ono hauna mwenyewe. Ukishavuka mito mitatu haumsikilizi hata aliyeuanzisha. Mwandishi alichukua namna vita vilivyoenea kweli akaifanya kuwa mateso ya mtu mmoja. Kwa hiyo tarehe imebadilishwa, lakini chanzo cha maafa, yaani watu kukataa kungoja, kimebaki kama kilivyokuwa Nandete.

Kosa moja hapa ni kubwa. Wasomaji hupenda kumtafutia Kinjeketile dosari: kiburi, uongo, tamaa. Mtaitafuta dosari hiyo na hamtaiona, kisha mtaitunga. Muulizeni kila anayesema "alidanganya" aonyeshe mstari. Mchezo unaacha wazi kama Hongo alimtokea kweli, na kuulazimisha upande mmoja ni kuua mvutano wote.

Safu ya tatu sasa. Mchezo ulichapishwa mwaka 1969. Seyyid Said alikuwa amefariki tangu 1856, lakini kwa msomaji wa 1969 jina hilo lilikuwa bichi, maana Mapinduzi ya Zanzibar yalimwondoa sultani wa mwisho Januari 1964, na Muungano ukafuata Aprili. Azimio la Arusha lilikuwa la Februari 1967. Kule Umoja wa Mataifa, Desemba 1956, Nyerere alikuwa ameshaitaja Maji Maji kama vita vya watu waliokataa kutawaliwa, si vya watu waliotishwa na kiapo cha ushirikina. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza kuwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee, na Hussein alikuwa mwanafunzi hapohapo chuoni miaka hiyo ya mwisho ya sitini. Nchi changa ilikuwa ikiuliza nini kinawaunganisha watu, na kitadumu kwa muda gani kama msingi wake ni neno lisilojulikana ukweli wake. Swali la Kinjeketile lilikuwa swali la nchi.

Kikao cha mwisho ni cha onyesho la gerezani peke yake. Wajerumani wanamtaka Kinjeketile akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki yake na mkuu wa vita, naye anamsihi akiri, kwa kuwa ni kweli. Anakataa: akikiri, wakoloni watawafundisha watoto kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Wengi watasema mwandishi alibuni hili lote. Wasomee masimulizi ya Mohoro: Kinjikitile aliwaambia waliomnyonga kwamba kumuua hakutasaidia kitu, dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Kauli ya mtu wa historia akiwa chini ya kitanzi ndiyo iliyokuzwa ikawa onyesho zima.

Onyesho hilo lisomeni mara mbili. Mara ya kwanza anayemsoma Kitunda aseme kama mtu mwenye hasira, mara ya pili kama mtu anayetaka kumwokoa rafiki, kisha kiulize kikundi Kinjeketile yupi alikuwa na kazi ngumu zaidi kukataa. Ukikosa nakala za kutosha, watu wawili wanaweza kushirikiana moja, ila wanaowasoma Kitunda na Kinjeketile usiwape nakala moja. Kila mmoja awe na yake, wakae wakitazamana.

Mama yako akupendaye.