Mlipeni Kwanza Mwenye Ufunguo

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, ni haki kaunti kutoza kiingilio katika bustani na viwanja vya umma ili zipate pesa za kuvitunza? Jibu langu la kwanza ni hapana, tena bila kusita. Mama anayeishi na watoto wanne katika chumba kimoja cha ploti kule Kaptembwo au Rhonda, mitaa ya hapa Nakuru, hana mahali pengine pa kuwapeleka Jumapili mchana. Mwekee lango la shilingi 50 kwa kila mtu na tayari anadaiwa 250 kabla hajanunulia mtoto hata maji. Hatakuja. Atakaa na watoto wake kwenye veranda ya ploti, na bustani itabaki ya wale ambao wangeweza kwenda kwingine.

Lakini swali lenyewe limenigusa mahali pengine. Linachukulia kwamba pesa ikipatikana, uwanja utatunzwa. Mimi nimefundisha wasichana netiboli katika uwanja wa mtaa hapa Nakuru kwa miaka mingi, na nimeona pesa ikilipwa na uwanja ukaharibika vilevile. Kwa hiyo mniruhusu niulize langu: nani yuko uwanjani kila siku, na nani anamlipa?

Sizungumzii mbuga ya ziwa. Ile ni ya taifa, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na kiingilio chake kina hoja zake. Nazungumzia Nyayo Gardens, bustani ya umma ya mji wetu, na nazungumzia vile viwanja vya mitaa ambavyo watoto wa Bondeni, Flamingo na Shabab wanavijua kuliko wanavyojua madarasa yao. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilivikabidhi kwa kaunti: michezo, bustani, fuo na vifaa vya burudani. Kaunti zimekuwapo tangu 2013, kwa hiyo hatuwezi tena kusema jambo hili ni geni.

Naona sisi Wakenya tumejifunza nusu moja tu ya kazi. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwaka wa 1989, alitufundisha kwamba ardhi ya umma inaweza kuokolewa. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ikatuonyesha jinsi unyakuzi ulivyokuwa umeenea. Tangu hapo tukisikia uwanja wa mtaa umewekewa mabati, tunapiga kelele, na ni vizuri. Ila uwanja unaweza kubaki na hati yake, ua wake na jina lake, na bado ukafa. Watu wa Kakamega wa umri wangu hawahitaji kuelezwa habari za Muliro Gardens, bustani ya mji wao, za miaka ile. Haikuhitaji mnyakuzi. Ilikosa tu mtu wa kuiangalia.

Uwanja wetu ulikuwa na mtu. Alikuwa mzee aliyeanza kazi enzi za manispaa, na watoto walimwita Mzee Chokaa. Kwenye barua yake ya kazi alikuwa wa kufyeka nyasi, kufagia na kufungua choo. Kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa ratiba nzima ya uwanja. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 48, limekunjwa mara mbili mfukoni, na humo ameandika kwa kalamu ya risasi: wasichana wa netiboli Jumatatu na Jumatano saa kumi, wavulana wadogo Jumanne, watu wa kwaya Jumamosi asubuhi, Jumapili mchana familia, hakuna mpira. Hiyo ya Jumapili aliilinda sana. Vijana wakubwa wakija na mpira wao aliwaendea polepole, akawaamkua vizuri, kisha akasimama katikati yao bila kuondoka mpaka waondoke wao.

Kuchora mistari ilikuwa kazi yake ya Ijumaa jioni. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, umegawanywa sehemu tatu sawa. Hakuwa na utepe wa kupimia. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo lina kipimo chake, na ole wako uiguse. Akifika kwenye nusu duara la goli, lile la mita 4.9, alifunga ncha moja ya kamba kwenye shina la mlingoti, akashika ncha nyingine kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akabeba mkebe wa rangi uliotobolewa chini, umejaa chokaa. Alitembea kinyumenyume, kamba ikiwa imekaza, chokaa ikimwagika taratibu. Wasichana wangu waliacha mazoezi kumtazama. Mstari ulitoka umenyooka hivi kwamba wageni kutoka shule za Njoro waliniuliza tumepata wapi mashine.

Sasa, mwaka mmoja wakati wa mvua za Aprili, uwanja ulikodishwa kwa tamasha la kutangaza bidhaa. Mimi sipingi tamasha. Walikuwa na risiti. Dereva alinionyesha, imelipwa ofisini, imepigwa muhuri. Hakuna aliyemwambia Mzee Chokaa. Alifika asubuhi akakuta lori la muziki limeshapanda juu ya nyasi. Udongo wetu wa Nakuru mnaujua: kiangazi ni vumbi la kuziba pua, mvua ikinyesha unalegea na kubonyea. Jioni lori lilipotaka kutoka likazama hadi kwenye ekseli. Wakasukuma, wakatia mawe, wakatia matawi. Mwishowe wakang'oa mlingoti mmoja wa netiboli, ule wa chuma wa mita 3.05, wakautia chini ya gurudumu kama wenzo. Lori likatoka. Mlingoti ukabaki umepinda kwenye matope, ringi yake imekuwa yai.

Mzee hakufoka. Alipima mashimo kwa mpini wa jembe, yalikuwa yakifika karibu nusu ya mpini. Siku iliyofuata alivaa koti akaenda ofisini kuomba lori moja la udongo na mlingoti mpya. Nilimsindikiza, maana nilijua mwalimu husikilizwa kidogo zaidi. Tuliambiwa hakuna kifungu cha bajeti cha uwanja huo mwaka huo wa fedha. Nikauliza, na zile pesa za kukodisha je? Afisa, kijana mpole kabisa, alinieleza kwamba hizo ziliingia kwenye mapato ya jumla na yeye hana uwezo wa kuzigusa. Alisema tuandike barua. Tuliandika.

Udongo haukuja, kwa hiyo mzee akautafuta. Kulikuwa na mjengo mtaa wa pili, wanachimba msingi, akaomba udongo wa juu na toroli lao baada ya saa za kazi. Wavulana wa Jumanne ndio waliosukuma. Mashimo yalipojaa alikwenda kando ya barabara akakata nyasi za Kikuyu, zile zinazotambaa, akazikatakata kwa panga vipande vya urefu wa kidole. Kila kipande kilikuwa na vifundo viwili. Nilimuuliza kwa nini viwili. Akasema, "Mwalimu, kimoja cha kutoa mizizi, kimoja cha kutoa jani. Kikiwa kimoja tu unapanda bahati." Alipanda kwa mistari, akakanyaga kila kipande kwa kisigino, akamwagilia kwa mitungi ya maji kutoka mfereji wa kanisa. Kisha akazungushia kamba na matawi ya miiba, akafunga uwanja.

Aliufunga msimu mzima wa mvua. Wazazi walinung'unika, wavulana walinung'unika, wasichana wangu walifanya mazoezi kwenye ukingo wa uwanja karibu na barabara, bodaboda zikiwapigia honi. Mzee alikaa pale kwenye kiti chake cha mbao akirudia maneno yale yale kwa kila aliyekuja: mpaka nyasi ishikane. Ilipofika siku ya kufungua, alivua viatu akatembea juu yake mwenyewe kwanza, kutoka kona hadi kona. Halafu akatoa kamba yake ya mafundo.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu hayo yote, kuanzia daftari hadi udongo, yalifanywa na mtu mwenye mkataba wa kibarua uliokuwa ukifanywa upya kila miezi mitatu. Mara moja haukufanywa upya. Hakukuwa na ugomvi, hakukuwa na kosa. Jina halikutokea kwenye orodha. Akarudi kwao. Ufunguo wa choo ulikabidhiwa mtu, mtu akahamishwa, ufunguo ukapotea. Choo kikafungwa, na choo kikifungwa wanawake na wasichana ndio wa kwanza kuacha kuja, hilo halihitaji utafiti. Daftari halikuwapo, kwa hiyo Jumapili ikawa ya mwenye nguvu. Nyuma ya choo wakahamia vijana wa kuvuta gundi. Baadaye ukuta ulipakwa rangi upya na kibao kizuri kikawekwa. Kibao bado kipo.

Wazee wa mji huu bado humtaja bondia Philip Waruinge, aliyeleta medali ya shaba kutoka Mexico mwaka wa 1968 na ya fedha kutoka Munich mwaka wa 1972. Humtaja wakilaumu vijana wa siku hizi. Mimi huwauliza: nani anafungua ukumbi saa kumi na moja jioni? Glavu ziko wapi, na nani anaziandika zikitoka na zikirudi? Mchezaji hukuzwa na mlango unaofunguliwa saa ile ile kila siku. Tunashangilia viwanja vikubwa vinapojengwa, na mimi nilifurahi uwanja wetu wa Afraha ulipotengewa ukarabati kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lakini saruji hupata mkandarasi na sherehe ya uzinduzi, na mwenye ufunguo hupata miezi mitatu.

Sasa nirudi kwenye pesa, na hapa ndipo nimeanza kulegea kidogo nikiandika. Yule afisa kijana hakutudanganya. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale yaliyoondolewa na sheria ya Bunge. Maana yake, shilingi niliyolipa uwanjani huenda ikawa mafuta ya gari la ofisi, na hakuna aliyeiba. Hospitali za umma zililia na tatizo hilo hilo kwa miaka, pesa za wagonjwa zikiondoka na dawa hazirudi, mpaka ikapatikana sheria ya mwaka wa 2023 inayoruhusu vituo vya afya kubaki na makusanyo yao na kuyatumia pale pale. Kwa nini bustani isipate kitu kama hicho? Na msitu wa Karura, Nairobi, ulituonyesha mwaka wa 2025 kwamba watu hawagombani na kulipa. KFS, shirika la misitu la serikali, ilipoagiza malipo yote yapitie eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, Friends of Karura, chama cha wanaoutunza msitu huo, walienda mahakamani. Wageni wa msitu ule walikuwa wakilipa kiingilio kwa miaka na kuona njia zikifagiliwa. Waliogopa kutoiona tena pesa yao msituni.

Kwa hiyo hapana yangu ya mwanzo imebaki na mashimo. Lango la kila siku kwa mama na watoto wake, bado hapana. Lakini lori la muziki, krusedi, harusi ya mahema, kampuni inayotaka kupiga picha za matangazo, hao walipe, tena walipe vizuri, pamoja na amana inayorudishwa baada ya mtunza uwanja, si afisa wa mjini, kukagua nyasi na kutia sahihi. Na nikisukumwa zaidi, nitakubali hata kiingilio cha shilingi 10 kwa mtu mzima siku za kawaida, watoto na wazee bure, ikiwa kuna mtu wa kudumu mwenye barua ya kazi isiyoisha baada ya miezi mitatu, choo kiko wazi, na ubao langoni unaonyesha kila mwezi kilichoingia na kilichotumika. Sijui kama nitapendwa na majirani zangu kwa kusema hivyo. Wengine wataniambia shilingi 10 za leo ni 50 za mwaka ujao, na hofu hiyo naielewa, ndiyo maana nataka kiwango kiandikwe kwenye sheria ya fedha ya kaunti na si kwenye kibandiko cha karani.

Bila masharti hayo, mtu asinitolee risiti. Mswada wa fedha wa kaunti huletwa kwa maoni ya umma kila mwaka, na kwa kawaida ukumbini tunakuwa wachache, wengi wakiwa wafanyabiashara wa soko wenye malalamiko ya leseni. Mwaka ujao nitakwenda na wasichana wa timu, wale wakubwa wenye vitambulisho, na kila mmoja atazungumza juu ya choo.