Mkuu, hicho kidonge cha pili usikimeze

Usikimeze. Mengine tutazungumza baadaye.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu ana wiki 5 hajagusa pombe. Usiku anashtuka usingizini moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, vidole vimekufa ganzi, anaona kabisa kwamba anakata roho. Mfanyakazi mwenzake kampa vidonge 10 vya diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, vya miligramu 5. Jana kameza kimoja, kalala fofofo mpaka asubuhi, na leo anauliza kama aendelee navyo, afanye nini paniki, yaani shambulio hilo la hofu, ikimjia mchana kati ya watu, usingizi aupate vipi, na mkewe amweleze nini.

Huko kulala fofofo ndiko kunakonitisha. Kidonge kingekukataa, ningepumua. Kosa hili nimelilipia mwenyewe na sitaki kuona mtu mwingine akilitumbukia huku watu wanampigia makofi.

Elewa kwanza kinachoendelea kichwani. Ubongo una kemikali inayoitwa GABA, ambayo ndiyo breki, na nyingine inayoitwa glutamati, ambayo ndiyo mafuta. Pombe inakanyaga breki na kubana mafuta. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo unajirekebisha: unalegeza breki zake wenyewe na kuongeza mafuta ili uweze kusimama na kutembea. Siku unayoacha pombe, unabaki na gari lenye mafuta tele na breki hafifu. Ndiyo arosto hiyo. Makali yake yanakwisha ndani ya siku kadhaa, lakini ubongo unaweza kuchukua wiki au miezi kurudi sawa, na katika kipindi hicho mwili unashtuka kwa vitu vidogo. Wewe uko hapo. Paniki zako za wiki ya 5 si dalili kwamba kuacha pombe kumekushinda.

Sasa diazepam inashika kipokezi kilekile cha GABA kinachoguswa na pombe, ila kwa upande mwingine. Ndiyo maana madaktari wanaitumia kumtoa mlevi kwenye arosto kali: dozi imepangwa, inapunguzwa kila siku, kwa siku chache, na mgonjwa anaangaliwa. Hatua hiyo wewe umeshaivuka. Kuimeza sasa ni kuzimua. Badala ya chupa umeshika kidonge, ila ubongo unasoma kitu kilekile: breki imetoka nje tena, hakuna haja ya kutengeneza ya kwangu.

Na haitoki mwilini haraka. Nusu ya dawa tu inaweza kuchukua siku moja hadi mbili kuondoka, na kile ini linachokitengeneza kutokana nayo kinakaa zaidi ya hapo. Ukimeza kila usiku, cha leo kinamkuta cha jana bado yupo kazini. Wiki ya kwanza utaona umepata dawa. Baada ya wiki mbili, tatu, kimoja kinaanza kuwa kidogo. Ukiitumia mfululizo kwa wiki kadhaa kisha ukasimama ghafla, wasiwasi unarudi mkali kuliko ulioanza nao, usingizi unapotea, mikono inatetemeka, na kuna wanaopata degedege. Halafu kuna ule usiku ambao hamu ya pombe inamshinda mtu wakati dawa imo mwilini. Vyote viwili vinapunguza kasi ya kupumua. Watu wamelala hivyo wasiamke.

Si maneno yangu peke yangu. Mwongozo wa NICE unaotumiwa na madaktari wa Uingereza unasema kundi la dawa ambalo diazepam imo lisiandikwe kwa matibabu ya ugonjwa wa paniki, kwa sababu matokeo ya muda mrefu ni mabaya zaidi. Mwaka 2020 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza onyo la dawa hizi liongezwe makali, likitaja uraibu na hatari ya kuacha ghafla.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia mapema, na ndilo linalowanasa watu. Chukua saa uangalie. Shambulio la paniki linafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha linaanza kushuka lenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa mwili umetulia. Kidonge ulichomeza kileleni kinahitaji robo saa mpaka saa nzima ndipo kifanye kazi ya maana. Yaani kinafika shambulio likiwa tayari linaondoka. Lakini sifa zote kinachukua chenyewe! Ubongo unaandika: nimepona kwa sababu nilimeza. Kesho kutwa ukikuta mfukoni hamna kidonge, hofu inaanza kwa sababu hiyo tu. Hata wasiomeza, wanaotembea nacho mfukoni tu, wamo kwenye mtego huo.

Hasira zangu haziko kwako. Ziko kwa wanaogawa vidonge hivi kama pipi, na wauza dawa wanaokata pakiti bila hata kumuuliza mtu kama ana historia ya pombe. "Kimoja hakina neno." Kina neno! Kwa mtu aliyekunywa miaka, hicho kimoja ndicho kinachoufundisha ubongo njia mpya ya kwenda palepale. Na wewe uliyemshauri hapo juu apige bia moja tu ya kutuliza, bora ungenyamaza. Bia inatuliza kwa saa chache, ikitoka inaacha wasiwasi zaidi ya ule iliyoukuta. Tena kila mtu anavyorudia kunywa sana na kuacha, arosto inayofuata huwa kali kuliko iliyopita. Hujui hii ni ya ngapi kwake.

Kanuni yangu ni moja, nayo naishikilia: kitu chochote kisiingie mdomoni kwa ajili ya kuzima shambulio. Dawa ya kila siku uliyoandikiwa na daktari ni habari nyingine, inamezwa kwa saa yake, paniki iwepo isiwepo. Na anayesoma hapa akiwa ameshatumia diazepam kwa wiki kadhaa asiitupe leo. Daktari atampunguzia kidogo kidogo. Vivyo hivyo anayekunywa sana kila siku asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Degedege ya arosto huja ndani ya saa 6 hadi 48 tangu tone la mwisho, na kuweweseka kwa hatari, mtu akichanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, kunakuja siku ya pili mpaka ya nne. Hilo ni la hospitali.

Likija shambulio sasa. Utaambiwa "vuta pumzi ndefu". Hapana. Kwenye paniki tayari unapumua kupita kiasi, ndiyo maana vidole na midomo vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka: umetoa kaboni dayoksaidi nyingi mno na damu imebadilika kidogo. Ukiongeza pumzi kubwa kubwa unaongeza ganzi, na ukiongeza ganzi unaongeza hofu. Anza kwa kutoa hewa. Kisha vuta kwa pua, hewa kidogo, ukihesabu 4 taratibu. Toa ukihesabu 6, midomo umeibana kama unayepuliza kitu cha moto. Mkono mmoja weka juu ya kitovu. Mkono huo ndio upande na kushuka, mabega yatulie. Dakika 5. Mfuko wa karatasi achana nao, kama kumbe tatizo ni pumu au moyo unaweza kukuumiza.

Ila usipumue kwa lengo la kuifukuza paniki. Ukiwa unaikagua kila sekunde kama imeondoka, unailisha. Kaa ulipo. Kama ni usiku, kaa kitandani miguu ikigusa sakafu, tazama saa, andika kwenye karatasi: imeanza 8:12. Ikishuka andika: 8:31. Mchana ukiwa kati ya watu fanya vilevile, usikimbie nje, kwa sababu mahali ulipopakimbia ndipo patakapokutisha kesho. Ukishakuwa na mistari kumi kwenye karatasi hiyo, utaona kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba hakuna hata moja iliyokaa.

Siku ambayo umetulia, ziite dalili mwenyewe. Kimbia papo hapo ulipo dakika 1 moyo udunde, kisha kaa uusikilize bila kufanya lolote mpaka utulie. Siku nyingine pumua kwa mrija mwembamba dakika 1. Hii ni sehemu ya tiba ya kisaikolojia inayotumika kwa paniki: mwili unajifunza kwamba moyo kwenda mbio si kifo. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au ujauzito asijaribu kabla ya kuuliza daktari.

Daktari anaweza kukuandikia sertraline au ndugu zake, dawa za kila siku za kutibu paniki. Kwa paniki inaanzwa chini, miligramu 25, ndipo ipandishwe. Wiki mbili za mwanzo inaweza kukuongezea wasiwasi, na hapo ndipo wengi wanapoitupa kabla haijafanya kazi. Ipe mpaka wiki 6. Kama pia umepewa disulfiram ya kukuzuia usinywe, soma lebo za dawa za kikohozi, nyingine zina pombe, na mchanganyiko huo unaleta uso kuwaka na moyo kwenda mbio, ukadhani ni paniki. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu punguza.

Na kwa vile ni mara ya kwanza unapata haya, nenda upimwe: kipimo cha umeme wa moyo, sukari, tezi ya shingoni. Maumivu ya kifua yanayokuja ukifanya kazi nzito, au yanayokwenda mkononi au kwenye taya, au ukizimia, usisubiri dakika 10 za mtu yeyote, nenda hospitali.

Vile vidonge 9 vilivyobaki vitoke nyumbani leo, kabla giza halijaingia, kwa sababu saa 8 usiku huwezi kubishana navyo. Aliyekupa usimrudishie, atampa mwingine. Nenda navyo kwenye hicho kipimo cha moyo, mkabidhi daktari pakiti, umwambie umemeza kimoja na kilikuwa saa ngapi.